Risasi Isiyo na Mlio: Kwa Nini Mtaa Unahitaji Mkemia

Ukisema "risasi" mtaani, watu wanalala chini. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya hilo neno kwa kila mtu ninayemjua. Lakini kuna maana ya pili, ile tuliipitia mbio kwenye kemia: risasi ni metali nzito, laini, ya kijivu, alama yake ni Pb. Iko ndani ya betri ya matatu uliyopanda leo asubuhi. Hii risasi ya pili haina mlio. Inaingia kwa vumbi, kwa maji, kwa vidole vya mtoto anayecheza chini halafu analamba mkono. Na kuna mtaa Mombasa ambao ulipigwa na hii risasi kwa miaka, na mlio haukusikika popote.

Nitafika huko. Kwanza niseme kwa nini naandika.

Msimu wa kuchagua kozi ukifika, madogo wengi waliomaliza kidato cha nne huuliza kitu kimoja: "Nataka kufanya kazi ya kusaidia mazingira, nisomee nini?" Na jibu wanalopata kwa wakubwa ni lile lile: "Panda miti." Ama wanaambiwa wasome udaktari, uhandisi au sheria kwanza, mambo ya mazingira ni ya wikendi, ya kuvaa tisheti ya kijani na kupigwa picha ukishika mche.

Mimi naona hilo jibu limekosa historia. Hapa Kenya, sayansi na mazingira vimekuwa na ugomvi wa zaidi ya miaka 80, na ugomvi wenyewe haukuwa juu ya miti tu. Ulikuwa juu ya nani anapima, nani anaamua, na nani anabaki na vumbi. Ukiijua hiyo hadithi, fomu ya KUCCPS unaijaza ukiwa na rada.

Sayansi iliyokuja na askari

Kama umewahi kutembea mjini Nairobi pale City Market, umepita barabara ya Muindi Mbingu. Wengi tunaijua kwa maua na nyama choma. Huyo Muindi Mbingu ni nani?

Turudi miaka ya 1930, Ukambani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na wataalamu wa udongo, na hao wataalamu waliona kitu cha kweli: ardhi ya Machakos ilikuwa inaoshwa na mvua, makorongo yanafunguka, malisho yanaisha. Mmomonyoko ulikuwepo. Hapo hawakudanganya. Shida ilikuwa kwa maelezo na kwa dawa. Walisema tatizo ni Wakamba kuwa na ng'ombe wengi mno. Hawakutaka kuzungumza sana juu ya ardhi nzuri iliyokuwa imechukuliwa na walowezi, wala mipaka ya "rizavu" iliyowafungia watu na mifugo yao mahali padogo. Dawa ikawa kupunguza mifugo kwa lazima. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa mnada kwa bei ya kutupa, na wakati huo huo kulikuwa na kiwanda kipya cha nyama Athi River kilichohitaji ng'ombe wa bei rahisi.

Mwaka wa 1938, maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka nyumbani wakaenda hadi Nairobi kumwona Gavana. Walikaa huko kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikuwa mmoja wa viongozi wao. Alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma kwa ile lazima yake ya ng'ombe.

Sasa sikiza sehemu ya pili ya hiyo stori, kwa sababu ndiyo inayonifurahisha zaidi. Miaka iliyofuata, hasa baada ya Uhuru, wakulima wa huko huko Machakos walichimba matuta kwenye miteremko yao wenyewe, kilomita kwa kilomita, wengi wao wakifanya kazi kwa vikundi vya mwethya. Aina moja ya tuta inaitwa "fanya juu". Unachimba mtaro ukikingama mteremko, na udongo unautupa upande wa juu badala ya chini. Mvua ikinyesha, ule ukingo unashika udongo na maji, na baada ya misimu kadhaa shamba linajitengeneza kama ngazi. Leo hata vitabu vya uhandisi wa udongo vya nchi za mbali vinaiita hivyo hivyo, fanya juu. Kiswahili chetu kimekuwa jina la kiufundi la dunia.

Mwaka wa 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kilicholinganisha Machakos ya miaka ya 1930 na ile ya 1990. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 5, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua. Yaani wale wataalamu wa kikoloni walisema watu na ng'ombe ndio tatizo, na baadaye watu wakawa ndio suluhisho.

Funzo langu hapo si kwamba sayansi ni mbaya. Mtaro wa fanya juu ni sayansi. Kinachobadilika ni nani ameshika jembe na nani amepewa nafasi ya kusema "hapa mnakosea."

Mwanasayansi aliyefuata kupe

Kila mtu anamjua Profesa Wangari Maathai wa miti. Wachache wanamjua Wangari wa hadubini.

Huyu mama alisomea biolojia Marekani, akapata digrii ya kwanza mwaka wa 1964 na ya uzamili Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka wa 1966. Aliporudi nyumbani alikuwa na barua ya kazi ya utafiti chuoni Nairobi, na alipofika akakuta nafasi imepewa mtu mwingine. Akaingia idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka wa 1971 akapata uzamifu, na anatambuliwa kama mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika kiwango hicho. Baadaye akawa mkuu wa idara. Hiyo yote kabla ya mche hata mmoja wa Green Belt.

Na miti yenyewe ilianzia wapi? Ilianzia kwa kupe. Alikuwa anafanya utafiti juu ya ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, na ilibidi aende mashambani nje ya Nairobi kuokota hao kupe kutoka masikioni mwa ng'ombe. Akiwa huko, macho ya mwanasayansi hayakufunga. Aliona ng'ombe wamekonda mbavu zinahesabika. Aliona mito ina rangi ya kahawia kwa sababu ya udongo. Akasikia wanawake wa mashambani wakisema hawana kuni, hawana maji safi, chakula hakitoshi. Akaanza kuunganisha: kupe si tatizo kubwa kuliko yote, ardhi yenyewe inakufa.

Tarehe 5 Juni 1977, walipanda miti 7 Kamukunji, Nairobi. Ndiyo ikawa mwanzo wa Green Belt Movement. Wataalamu wa misitu walipoanza kuwaeleza akina mama mambo magumu ya kitaalamu kuhusu mbegu na miche, Wangari alikataa wazo kwamba mtu anahitaji diploma ili apande mti. Akina mama walianzisha vitalu vyao, wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakajifunza kwa kujaribu. Makumi ya mamilioni ya miti ilipandwa hivyo.

Unajua yaliyofuata: mwaka wa 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, baadaye akapigania Karura, akapigwa, akafungwa, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tunapomsherehekea tunaanza na Nobel. Mimi ningependa tuanze na yule dada wa miaka 30 hivi, amepiga magoti kwa boma la mtu akiangalia sikio la ng'ombe. Kazi yake ya mazingira ilianza na kazi ya kawaida ya sayansi, iliyofanywa vizuri, na mtu aliyekubali kuona kitu ambacho hakikuwa kwa swali lake la utafiti.

Jiko la Shauri Moyo

Kuna uvumbuzi mmoja wa uhandisi wa Kenya ambao pengine uko jikoni kwenu sasa hivi na hujawahi kuuita uhandisi. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje, udongo wa kuchomwa ndani.

Zamani jiko lilikuwa bati tupu. Joto nyingi lilitoka kwa mbavu zake likapasha hewa ya chumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya mafuta ikiwa imepanda duniani na miti ikiisha kwa makaa, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya mwaka wa 1981. Kipindi hicho watu kama Max Kinyanjui walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani, wakalileta kwa mafundi wa bati wa Shauri Moyo.

Mifano ya kwanza ilikuwa na shida. Udongo ulipasuka. Wakabadilisha umbo, udongo ukawekwa sehemu ya juu ambapo makaa yanakaa, na bati likakunjwa kiunoni kushika ule udongo. Waliotumia jiko ndio walisema nini hakifanyi kazi, na mafundi wa jua kali ndio waliotengeneza. Matokeo: jiko linalopunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50, kutegemea nani anapika na anapika nini. Kwa familia inayonunua makaa kwa mkebe, hiyo ni pesa ya maziwa. Na halikuja na hakimiliki ya kumfungia mtu. Fundi yeyote angeweza kulitengeneza, na wengi walilitengeneza, hadi nchi jirani.

Mtu akikuambia uhandisi ni madaraja na roketi tu, mwonyeshe jiko. Ndani yake kuna fizikia ya joto, sayansi ya udongo, na masikio ya kusikiliza mama mwenye jikoni.

Umeme safi, viatu vyenye vumbi

Sasa tufike mahali pagumu kidogo, kwa sababu hapa ndipo kijana wa leo atafanya kazi: nishati safi.

Kenya tuna haki ya kujivunia Olkaria, pale karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950 na havikutoa mvuke wa maana. Kazi ikaanza tena 1970, na mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Leo jotoardhi ndiyo inatoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii. Hiyo ni kazi ya wanajiolojia, wanakemia wanaopima gesi za visima, na mainjinia wa kuchimba, na wengi wao ni Wakenya waliofundisha hata nchi nyingine. Ukichaji simu usiku, sehemu ya hiyo chaji ni mvuke uliotoka kilomita 2 au 3 chini ya Bonde la Ufa.

Lakini juu ya ule mvuke kulikuwa na watu. Mradi wa Olkaria IV ulipojengwa, jamii za Wamaasai wa vijiji vinne zilihamishwa mwaka wa 2014 hadi eneo jipya. Walipewa nyumba, shule, zahanati. Kwa karatasi ilionekana safi. Lakini baadhi ya wakazi walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliofadhili mradi. Walilalamikia ardhi yenye makorongo, barabara mbovu, hati ya ardhi iliyochelewa, na mashauriano ambayo hayakutumia lugha ya Kimaa ipasavyo. Ikabidi kuwe na upatanishi, na makubaliano yakafikiwa mwaka wa 2016.

Angalia hiyo orodha tena. Makorongo ni swali la injinia wa udongo. Barabara ni swali la injinia wa ujenzi. Hati ni swali la mpima ardhi. Lugha ni swali la yeyote aliyeendesha mkutano. Hakuna hata moja lililokuwa nje ya uwezo wa binadamu. Mainjinia waliofika kilomita 3 chini ya ardhi wangeweza kufika mwisho wa boma la mzee.

Halafu kuna Loiyangalani, Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, mradi mkubwa kweli kweli. Mwaka wa 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ile ardhi hazikupatikana kwa njia halali. Upepo ni safi. Karatasi hazikuwa safi.

Nayasema haya kwa sababu kuna dhana inazunguka kwamba ukifanya kazi ya nishati safi, basi tayari uko upande wa haki. Machakos 1938 inatuambia hapana. Wataalamu wa udongo nao walidhani wanaokoa ardhi.

Owino Uhuru

Sasa turudi kwa risasi.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda upande wa Mikindani, Mombasa, wenye watu kama 3,000. Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani kabisa mwa mtaa. Biashara yenyewe inaeleweka: betri ya gari ikifa, ile risasi ya ndani bado ina thamani. Unaivunja, unamwaga asidi, unayeyusha risasi kwa moto mkali, unaipiga mifinyo ya kuuza ng'ambo. Ikifanywa kwa mitambo ya kunasa moshi na kusafisha maji, ni njia nzuri ya kutumia tena taka. Ikifanywa ovyo, moshi unabeba risasi juu, vumbi linashuka kwa paa, maji machafu yanapita kati ya nyumba.

Na wafanyakazi wenyewe? Vumbi la risasi hushika kwa nguo. Mzee anatoka kazini, anambeba mtoto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa si methali tena, ni kemia.

Mwili hauna matumizi yoyote ya risasi, lakini huichanganya na kalsiamu, kwa hivyo inaenda kukaa kwenye mifupa na meno na kuvuruga mishipa ya fahamu. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiwango kile kile alichomeza. Inapunguza uwezo wa akili, na hiyo hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Fikiria mtoto anaambiwa shuleni ni mzito wa kuelewa, kumbe shida iko kwa damu yake.

Mwaka wa 2009 Phyllis Omido aliajiriwa pale kiwandani. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Alifanya na mtaalamu, na ripoti ikaonyesha kiwanda hakifai kuwa karibu na watu, kihamishwe. Wakubwa hawakupenda, akaondolewa kwa hiyo kazi. Kisha mtoto wake, ambaye alikuwa bado ananyonya, akaugua. Akatibiwa magonjwa ya kawaida, hakupona. Mwishowe damu ikapimwa risasi. Ilikuwa juu mno.

Hapa ndipo nataka usimame. Omido hakuwa daktari wala mkemia. Lakini alielewa kitu ambacho ni msingi wa sayansi yote: mtoto mmoja anaweza kuwa bahati mbaya. Kwa hivyo alipeleka watoto wengine wa mtaa kupimwa. Nao wakapatikana na risasi. Akaacha kazi, akaanzisha shirika, akaandika barua, akaandamana. Mwaka wa 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, akaachiliwa na mahakama. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2015 alipata Tuzo ya Goldman.

Kelele zilifunga kiwanda. Lakini kushinda kesi ya fidia kulihitaji namba. Watafiti walilinganisha watoto wa Owino Uhuru na watoto wa mtaa wa Bangladesh, uko huko huko Mikindani, hali ya maisha inafanana, tofauti ni kiwanda. Wastani wa risasi kwenye damu ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Mara mbili. Na hiyo ni baada ya kiwanda kufungwa, kwa sababu risasi haiozi. Inabaki kwa udongo ikingoja mtoto mwingine.

Unaona uzuri wa huo mtaa wa pili? Bila Bangladesh, wakili wa upande ule mwingine angesema, "Mitaa ya mabanda yote iko hivyo." Kulinganisha ndiko kulifunga huo mlango. Hiyo ni takwimu ya mwaka wa kwanza chuoni, ile ambayo wengi hulala ikifundishwa.

Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na eneo lisafishwe, la sivyo milioni 700 zitolewe za kulisafisha. NEMA yenyewe, askari wa mazingira, ilikuwa kati ya waliopatikana na lawama. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitangua ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu ya mwisho. Ni rika letu.

Kwa hivyo usomee nini?

Turudi kwa swali la madogo. Nikipitia hii historia yote, naona kazi nyingi kuliko "panda miti".

Kemia ya uchambuzi: yule anayechukua udongo, maji au damu na kusema kuna nini na kiasi gani. Afya ya mazingira na elimu ya sumu: yule anayejua hicho kiasi kinafanya nini kwa mwili. Takwimu: yule anayejua watoto wangapi wapimwe na walinganishwe na nani. Uhandisi wa kemikali: yule anayeweza kuweka mtambo wa kunasa moshi kabla ya kesi kuanza. Jiolojia, uhandisi wa maji na wa udongo: yule anayejua korongo litafunguka wapi mvua za El Niño zikija. Upimaji ardhi na ramani za setilaiti: yule anayeonyesha boma lilikuwa wapi kabla ya mradi. Sayansi ya vifaa: Nzambi Matee, Mkenya aliyetambuliwa na UNEP mwaka wa 2020 kati ya vijana bingwa wa dunia, anachanganya taka za plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandaza barabarani. Na kwa wale hawakupata alama za digrii, kuna diploma za maabara na za uhandisi kwenye vyuo vya kiufundi. Mafundi wa Shauri Moyo hawakungoja digrii, na sampuli mbaya haijali ilichukuliwa na profesa.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Kazi za serikali ni chache, na kuna kitu unafaa kujua mapema. Tangu sheria ya mazingira ya 1999, mradi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na mtaalamu anayeifanya lazima awe na leseni ya NEMA. Hiyo ni ajira. Lakini anayemlipa huyo mtaalamu ni mwenye mradi. Yaani mtu anayetaka kujenga ndiye anayekulipa useme kama anafaa kujenga. Sheria haijakulazimisha udanganye, lakini imekuweka mahali ambapo ukweli unaweza kukukosesha kazi inayofuata. Ripoti ya Omido ilisema ukweli ikafungiwa kabatini, na watoto waliendelea kucheza chini.

Ndiyo maana nasema kozi peke yake haitoshi. Katiba ya 2010 inakupa silaha mbili, na wanasayansi wengi hawazijui kwa sababu hazifundishwi kwenye maabara. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda kortini kuitetea hiyo haki hata kama huwezi kuonyesha kuna mtu ameumia tayari. Ina maana hatuhitaji kungoja mtoto augue. Tunahitaji mtu wa kupima mapema, na wa kupeleka karatasi mahali panapofaa.

Kwa hivyo ukikaa na ile fomu, usijiulize tu ni kozi gani inalipa ama ni gani ina jina tamu. Jiulize mtaa wenu una moshi wa nini, mto wenu una rangi gani, na nani amewahi kuupima. Kama jibu ni hakuna, hiyo nafasi ya kazi haijatangazwa popote lakini iko wazi.

Na siku moja, pengine ukiwa na leseni mpya na kodi ya nyumba inakungoja, mtu atakusukumia ripoti yako mezani akuombe upunguze namba kidogo tu. Amua kuanzia sasa utamjibu nini. Huko nje kuna mtoto anacheza chini, na hajui kwamba anakungoja wewe.